Ng'ombe ya Magurudumu Mawili

*Gihundwe, siku ya Mungu, 14 Januari 2024*

Kwa muramu wangu Gratien, katekista wa Bweyeye, kaka ya bibi yangu Mukabera,

Salamu zangu zipande mlima zikukute umekaa. Mimi Straton niko muzima, meno yangu yote iko, isipokuwa zile zenye zilitoka zamani. Dada yako Mukabera naye iko muzima, anapika, anaimba, ananigombesha kama kawaida. Mvua inanyesha. Batoto banapiga simu toka Kigali, banaongea na mama yao mpaka sikio inapata moto, kisha banasema «salimia Papa», njo imeisha.

Nakuandikia mu Kiswahili kwa sababu herufi zangu nilizipata Bukavu, mwaka wa tatu wa masomo. Niliachia pale maana mwalimu hakuwa tena na kitu ya kunionyesha. Utauliza kwa nini sipigi simu. Telefone ya nyumba inakaa mu kitenge ya dada yako, na hii neno haiwezi kupita mu kitenge yake. Barua ataileta Dative, ule anateremusha viazi yenu na kamionete yake ku soko ya Kamembe.

Neno njo hii. Tangu kiwanda ya simenti banipe pansiyo na saa ya ukuta, ninakaa ninaangalia saa ya ukuta. Jirani yangu Ladislas, ule alikuwa shofere, ametengeneza skuta moja ya zamani. Kila siku ya Mungu anapita mbele ya nyumba yangu na glavu nyeupe, kama muntu anaenda kupasua mugonjwa. Bantu banasimama kuangalia. Skuta! Ile kitu ni sufuria imepewa magurudumu. Mimi, mwenye nilikuwa napanda pikipiki Bukavu yote wakati Ladislas alikuwa anasukuma baiskeli, sasa nakaa ku mlango naangalia sufuria inapita.

Sasa unakumbuka Gaju. Mwaka 1998 ng'ombe ilikuwa ngumu kupata kuliko mbegu ya chumvi, na mimi nikaleta pikipiki yangu nyekundu ya Kijapani kuwa mahari ya dada yako. Baba yenu, mzee Kubwimana, Mungu amulaze, akaipokea kama ng'ombe na akaipa jina ya ng'ombe kwa sababu ya rangi yake. Nataka ukumbuke na kitu ingine. Muntu akitoa mahari ya ng'ombe, siku moja bakwe banamurudishia ndama. Mimi miaka yote hii sijaona ndama, hata mkia ya ndama. Sikulalamika. Mimi si muntu ya kulalamika.

Siombi Gaju irudi, usikie vizuri. Naomba kuitibu tu. Ng'ombe yenye haizai inapelekwa kwa daktari, na daktari ya pikipiki kupita mimi sijaonyeshwa bado.

Usimwambie dada yako. Na unisamehe kama herufi zinalala. Mimi kuandika bila kusema neno na mdomo siwezi, neno isipopita mu mdomo haifike ku mkono. Lakini usiogope, yeye iko mu jikoni anasonga bugali, hajui kitu.

Ni mimi fundi,
Straton

*Bweyeye, 9 Februari 2024*

Muramu Straton, Yezu akuzwe.

Barua yako ilinifikia ikinuka sambaza, maana Dative aliiweka kwenye kapu la samaki. Mke wangu karibu aikaange. Sisi ni wazima. Maharage yamekubali, baridi ni ile ile, na nyani wa msituni wameanza kujua siku tunazokwenda kanisani. Tumemshukuru Mungu kwa ajili ya meno yako.

Sasa, wewe ni mtu wa kukulia Bukavu, kwa hiyo nitakueleza taratibu kama ninavyowaeleza watoto wa komunyo ya kwanza. Mahari hairudi. Mwanamume akichukua mahari yake kutoka kwa wakwe, anakuwa amerudisha mke. Haijalishi mahari ina pembe au ina gidoni, ule usukani wa pikipiki.

Mimi siku ile naikumbuka kuliko wewe, maana wewe ulikuwa umelewa sifa. Mchunga mifugo aliyeitwa kuisifu ng'ombe alizunguka pikipiki, akatafuta pembe, akatafuta kiwele, akabaki anakuna kichwa. Mwishowe akashika gidoni akasema: «Hii ndiyo ng'ombe isiyokula majani ya mtu, ikilia mlima unaitika.» Baba alitokwa na machozi. Hakuiendesha hata siku moja. Lakini kila Jumapili baada ya misa alikaa juu yake uani akipokea salamu, na aliyepita bila kumsalimu Gaju hakupewa pombe.

Sasa Gaju anaishi na mbuzi. Mke wangu anaanika magunia juu yake. Ndani ya taa ya mbele, ambayo kioo kilivunjika zamani, inyamanza amejenga, kale kandege keusi na keupe kanakotembea uani kakitikisa mkia. Unajua kwetu hakuna anayegusa kiota cha inyamanza. Ukikafukuza umefukuza baraka ya nyumba.

Nimekaa na neno lako majuma mawili. Nimeona hivi: ng'ombe mgonjwa anaweza kwenda kutibiwa na akarudi, na hakuna atakayesema mahari imerudi. Nitawaambia watu wa mlimani hivyo hivyo. Dative atamshusha. Taa nimeifungua polepole na kuifunga pale pale kwenye nguzo ya banda, na kandege hakakustuka. Hiyo taa haitoki hapa. Utafute nyingine.

Ila mwambie dada yangu wewe mwenyewe, kabla mlima haujamwambia.

Gratien

*Gihundwe, siku ya Mungu, 17 Machi 2024*

Muramu,

Nakusalimia na mikono ya mafuta, njo sababu karatasi imekuwa nyeusi. Bote tuko bazima. Kuku moja imekufa, lakini ilikuwa ya kelele.

Gaju alifika. Dative alimulalisha juu ya viazi, akamufunika mukeka, na bantu ba Kamembe bakavua kofia, bakauliza ni nani amefariki toka Bweyeye. Nilifungua moteri nikakuta mahindi, nikakuta panya na familia yake, nikakuta kijiko ya bibi yako. Kijiko nitarudisha. Vyuma yote nilivilaza mu mafuta mu sufuria kubwa ya dada yako, na muntu mwingine angeliogopa zile vyuma, lakini mimi nikizigusa zinanijua.

Sasa nikuambie urembo, maana kutengeneza kila muntu anatengeneza. Ile gidoni ya kwanza ilikuwa ya kitoto. Nilikata chuma ya kitanda ya zamani, nikaichomelea, nikaipindisha kwenda juu na kutoka inje, ndefu kama pembe ya ng'ombe ya mwami. Ukishika, mikono iko kama ya padri anabariki. Ladislas alikuya kuangalia. Akauliza kama ni pikipiki ama ni antena ya redio. Nilimwambia arudi ku sufuria yake.

Tanki nimeipaka nyekundu mara tatu. Taa ya mbele nimeweka toroshi mbili za betri. Na kiti ya nyuma nimeikata na musumeno, nikaitupa. Muntu ya pansiyo anapanda peke yake, kama jenerali. Mahali pa kiti nimeweka kasanduku kazuri ka chupa mbili za kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ukibeba bibi nyuma, pikipiki inachoka, na masikio pia inachoka.

Dada yako nilimwambia hii ni chuma ingine, nilipewa na rafiki ya Bugarama kule ku mipunga. Ameamini. Bibi wa kweli anaamini bwana yake.

Niishie hapa, maana kuna kitu imeanguka mu jikoni na kelele nyingi. Pengine ni paka.

Straton, daktari ya Gaju

*Gihundwe, siku ya Mungu, 24 Machi 2024*

Muramu,

Leo salamu ni fupi. Dada yako iko kwako? Juzi asubui alivaa ile kitenge ya sikukuu, akabeba valizi ya nguo, akasema anaenda kusalimia kwao, na hakusema atarudi siku gani. Nilimuuliza nitakula nini. Alisema kasanduku yangu ina nafasi ya chupa mbili.

Nani alimwambia Gaju iko hapa? Mimi sikusema na muntu. Wewe njo unajua. Katekista mwenye hafungi mdomo ni kama tanki yenye kutoboka.

Sina shida. Niko muzima kabisa. Uliza tu chumvi iko wapi.

Straton

*Bweyeye, 5 Aprili 2024*

Muramu Straton, Pasaka njema, imechelewa kama Dative.

Mukabera yupo. Alifika na valizi, akasalimia kila mlango, kisha akaketi kwenye kigoda cha marehemu mama yetu kama mtu aliyefika kukaa. Tulimpa chakula. Tukangoja aseme. Alikula kwanza, akanawa, halafu akasema mbele ya wazee: «Mahari yangu iko kwa Straton, na mimi niko kwa baba yangu. Kila kitu kimerudi mahali pake.»

Sasa nifanyeje? Nilieleza kwamba Gaju alikwenda kutibiwa. Wazee wakaniuliza ni mganga gani anayemkata mgonjwa viungo na kumwotesha pembe za kitanda. Maana habari zote zimefika, pembe, toroshi, kasanduku. Mimi sikusema neno, naapa kwa rozari yangu, na barua zako nazificha ndani ya kitabu cha nyimbo za Kwaresima, kitabu ambacho hakuna anayekifungua kwa hiari.

Wazee wamekata shauri: Gaju arudi uani kwa baba kwa miguu yake, yaani kwa magurudumu yake, ukiwa juu, watu wakiona. Uje na pombe na uombe radhi kwa mdomo wako. Kinyume cha hapo, mlima wote unasema Straton amemrudisha mke, na mimi nitausoma ujumbe huo kanisani, kwa aibu ya ukoo.

Kuhusu chumvi, nilimuuliza. Alisema umuulize Gaju.

Na tangu lini mna paka?

Gratien

*Gihundwe, siku ya Mungu, 21 Aprili 2024*

Muramu Gratien,

Salamu kwako, kwa bibi yako, kwa bazee bote bale banajua kukata shauri ya pikipiki na hakuna hata moja anajua buji ya moteri ni nini.

Mimi siombi radhi. Niandike mara ngapi? Mimi Straton, ku kiwanda, wakati mashini kubwa ilikwama na mainjinia bakasimama banashika kiuno, ni nani alipiga nyundo pahali moja tu ikaamuka? Ule muntu anaweza kwenda kupiga magoti kwa sababu ya pikipiki yake mwenyewe? Haiko. Huko ulaya sijui, lakini huku Gihundwe haiko.

Na nikuambie: Gaju ameamuka. Nilipiga kiki asubui nzima, Ladislas amekaa ku muti ya avoka anakula karanga kama iko ku sinema. Alianza kuhesabu kiki zangu na sauti, nikamwambia hesabu si ya shofere. Kisha Gaju alikohoa, akatoa moshi nyeusi, akalia. Bantu bakatoka mu nyumba. Nilipanda, nikashika pembe, nikapita mbele ya kanisa wakati misa inatoka, nikarudia tena, na mara ya pili balipiga mikono. Ladislas alivua glavu.

Nikafika nyumbani. Nikazima moteri. Mlango ilikuwa imefungwa vile niliiacha. Muntu akifanya kitu kama hiyo, kuna muntu anapaswa kusema «nilikuona», ama «ulipiga honi sana», ama «shati yako ina moshi». Nilikaa ku kiti. Saa ya ukuta ilikuwa inatembea.

Lakini niko muzima. Maharage ninapika mwenyewe, yanaungua chini na juu yanabaki mabichi, ni aina ya mapishi yangu. Chumvi nilipata kwa Ladislas. Kuku zinanikimbia. Kitenge moja ya dada yako imebaki ku kamba. Mvua ilinyesha nikaiingiza, jua ikatoka nikaianika. Sijui kwa nini nakuandikia hii ya kitenge. Futa.

Mwambie tu, kama anauliza, kwamba sijamuulizia.

Straton

*Bweyeye, 8 Mei 2024*

Muramu Straton,

Natumaini tumbo lako bado liko upande wako. Sisi tu wazima, na dada yangu ndiye mzima kupita wote. Ametengeneza upya bustani ya mke wangu na amemfundisha Dative kupunguza mdomo, jambo ambalo mimi nilishindwa kwa Injili.

Sikufuta ile ya kitenge. Nisamehe. Nilimsomea.

Tulikuwa tunachambua maharage. Aliendelea kuchambua. Nikamwambia: dada, tangu mababu hakuna nyumba iliyovunjwa na pikipiki, tumalize maneno haya ya mahari. Akatupa maharage kwenye ungo akasema: «Mahari ni maneno yenu nyinyi wanaume. Mimi alikata kiti changu.»

Nikabaki nimeshika ganda. Sote tulidhani ni mahari, Straton. Wazee walikaa mara mbili juu ya mahari.

Akanieleza. Siku ya arusi yenu mvua ilikuwa imekata njia, hakuna gari lililopanda huku. Baba akakukopesha ng'ombe wake kwa siku moja, ukamteremsha bibi arusi mpaka kwenye barabara kubwa. Anasema alikaa nyuma ameshika shati lako. Ulipiga honi kila nyumba ili watu watoke, na yeye alikuwa msichana ambaye hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kumtazama. Anasema ulipayuka njia nzima: angalieni, angalieni. Miaka yote hii, Straton, hakukuambia, lakini alikuwa anangoja upate pansiyo. Alijiambia kwamba siku hiyo utakwenda kumchukua Gaju, umpandishe tena.

Ukaenda kumchukua Gaju. Ukaleta msumeno.

Nikamuuliza alijuaje kwamba ile ni Gaju wakati wewe ulimwambia ni chuma cha rafiki wa Bugarama. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. «Mume wangu akiandika,» akasema, «anatangaza. Ladislas anasikia. Mbuzi wa Ladislas wanasikia. Barua ya kwanza ilipotoka nyumbani mimi nilishaijua, nikanyamaza kwa furaha. Ile ya pili nikaangusha sufuria.»

Basi paka wako ni huyo.

Gratien

*Gihundwe, 12 Mei 2024*

Muramu,

Hii naandika inje, nyuma ya choo, na mdomo nimefunga na kitambaa. Herufi zinatoka mbaya, unaona.

Ile kiti niliitupa, mbwa bakaipasua. Nataka kutengeneza ingine, na mimi sitengenezi kiti bila kipimo. Pima upana ya dada yako. Asijue. Ngoja akae ku benchi ya kanisa, weka alama, kisha upime na kamba ya mugomba. Unitumie kamba kwa Dative. Barua yako uifunge na wanga.

Hii si kuomba radhi. Ni kazi ya ufundi.

S.

*Bweyeye, 20 Mei 2024*

Muramu,

Kamba hii hapa. Nilipiga magoti nyuma ya benchi baada ya misa, nikijifanya naokota rozari. Nilipoinua kichwa dada yangu alikuwa amesimama juu yangu kama malaika wa hukumu. Hakuuliza kitu. Alichukua kamba akaitazama, akaifungia kipande kingine, akasema: «Mwambie kipimo kile ni cha kule Gihundwe. Huku kwetu tunakula vizuri.»

Fundo unaliona mwenyewe. Ufuate kipimo chote.

Uje Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Wazee nimewaita. Neno la mahari niachie mimi.

Gratien

*Gihundwe, siku ya Mungu, 9 Juni 2024*

Kwa muramu wangu Gratien,

Salamu toka nyumba yenye ina chumvi. Tuko bazima, bote wawili. Nakuandikia haraka hii habari, najua ulikuwa pale na macho yako, lakini ulikuwa mbali na uliona vibaya. Nasikia kule mlimani banasema Straton alifika anasukuma. Nataka habari ikae sawa.

Dative alitufikisha mpaka mwisho wa lami, mimi na Gaju juu ya magunia matupu, kwa sababu polisi ya barabara haipendi pembe zangu. Pale nilishuka, nikavaa koti ya arusi, nikapiga kiki. Gaju akaamuka mara moja. Karibu mara moja. Nilipanda ile njia ya udongo nikiwa juu, bantu banaona, na batoto banakimbia nyuma. Pale ku kona ya mwisho, chini ya nyumba yenu, moteri ilitaka kupumzika. Ng'ombe yote inapumzika kabla ya kuingia mu boma. Mimi nilishuka kwa heshima. Kama mikono yangu ilikuwa ku pembe na miguu ilikuwa chini, ile si kusukuma, ni kuchunga.

Ulisimama mbele ya bazee na ulisema vizuri, nakubali, ijapokuwa mimi ningelisema zaidi. Ulibaonyesha ile taa ku nguzo na inyamanza mu mlango yake, ukasema: «Gaju hakutoka hapa hata siku moja. Ng'ombe ni kichwa, na kichwa chake hiki, kina baraka ndani. Huyu mwenye pembe ndefu ni mtoto wake. Ndiye ndama tuliyechelewa kumpa shemeji yetu.» Niliona mzee moja mwenye fimbo anaweka fimbo chini, ananyosha mkono ku chupa. Kunywa kasiksi balijua. Pia sasa siwezi tena kusema kwamba sikupata ndama. Umeniibia neno yangu nzuri.

Halafu bakangoja mimi niombe radhi. Ulikuwa unanikanyaga mguu, nilisikia, si jiwe. Nilifungua mdomo. Mimi mwenye niliongea mbele ya mainjinia, neno haikukuya. Nilitoa tu mukeka nikaonyesha kiti. Ngozi nyekundu, sponji ya godoro mpya, kipimo na fundo yake yote, na chuma ya kushika kila upande, na kapahali ka kuweka miguu, kasanduku nimekasogeza nyuma yake. Dada yako alitoka. Alizunguka mara moja kama ule mchunga ng'ombe wa siku ya mahari. Akabonyeza sponji na kidole. Kisha akapanda, akaweka valizi ku magoti, na hakuniangalia, aliangalia njia.

Pale njo uliishia kuona. Sasa nikuambie yenye ilipita nyuma ya kona.

Gaju alizimika. Nilipiga kiki mpaka koti ya arusi ikapasuka mu kwapa. Nikamwambia dada yako: shuka, mama, tutembee mpaka lami. Akasema: «Sishuki.» Nikamwambia mzigo ni mkubwa. Akasema kipimo nilikuwa nacho. Basi nikashika pembe nikaanza kusukuma, na hapo ndiyo, Gratien, nilisukuma, andika wewe, mimi naandika pia. Yeye amekaa nyuma, mgongo wima, valizi ku magoti. Bantu bakatoka mu nyumba. Bengine bakasimama mu mashamba ya chai na bitunga ku mgongo. Kila nyumba alisalimia kwa jina. Na pale njia inageuka ku mto, wakati mi nilikuwa sina tena pumzi ya kusema hata jina yangu, alinyosha mkono mbele yangu, akapiga honi. Akapiga tena. Akapayuka yeye mwenyewe: «Angalieni!»

Nikaangalia chini nikasukuma. Mavumbi iliingia mu macho.

Sasa niko ku meza. Dada yako iko mu jikoni, anasonga bugali, nasikia mwiko inagonga sufuria. Leo sikuenda nyuma ya choo na sikufunga kitambaa. Naandika pole pole, na sauti nasema vile nilizoea, pengine nimeipandisha kidogo kwa sababu ya mvua ku mabati.

Naandika: ile msumeno niliinua mbio kuliko akili.

Naandika: nilipopita mbele ya kanisa bakanipigia mikono, nyuma yangu kulikuwa baridi.

Naandika: kiti ya nyuma ni ya Mukabera, siku ya misa na siku ya soko, mpaka siku moja batanibeba, na hata siku ile yeye akae ku kiti yake, mimi banifunge ku kasanduku.

Gratien, mwiko imenyamaza.

Nangoja kidogo nione kama itaanza tena.

Imeanza.

Muramu wako,
Straton